Likelemba, simu na wingu: hesabu za akina mama wa Manika zikae wapi?

KOLWEZI, Lualaba. Hapa mjini karibu kila mtu anaijua bei ya kobalti, lakini wachache wanaifuata safari yake ikishatoka. Inapakiwa kwenye malori ya kuelekea Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, inavuka mpaka, inapanda meli, inasafishwa China, na sehemu yake inarudi Kolwezi ikiwa ndani ya betri ya simu inayouzwa kando ya barabara. Shaba nayo inaenda kuwa nyaya, pamoja na nyaya za yale majumba makubwa yaliyojaa kompyuta ambayo watu wa teknolojia wanayaita «wingu». Kwa hiyo simu ya mkononi na wingu, vyote viwili, vimekula udongo wa Lualaba.

Swali ambalo akina mama wa soko moja la komini ya Manika wamelazimika kulijibu mwaka huu ni jingine kabisa. Kati ya hivyo viwili, kipi kinaweza kuaminiwa kutunza hesabu ya pesa za watu?

Likelemba ya watu 20

Likelemba yao ilianza kati ya wauzaji wa meza za jirani: samaki wakavu, mafuta ya mawese, unga wa mahindi, nyanya, makala. Wako 20. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa franka 10.000, na mmoja wao anabeba 200.000. Mzunguko mmoja unachukua wiki 20. Hakuna karatasi ya benki, hakuna wakili, hakuna dhamana. Kuna zamu, na kuna jina la mtu. Mwenye zamu ya kwanza amekopeshwa na wenzake 19. Mwenye zamu ya mwisho ndiye aliyewakopesha wote. Mtu mmoja akiandikwa kwamba amelipa na hakulipa, urafiki wa miaka mingi unaweza kuvunjika siku hiyo hiyo.

Mweka hazina ni mama anayeuza samaki wakavu. Kwa miaka mingi aliandika hesabu katika daftari la shule lenye jalada la bluu, akaliweka chini ya mizani. Mvua za Novemba zilipopenya paa la meza yake, kurasa zikashikana, wino ukageuka doa. Kijana wa marehemu dada yake, anayesoma chuo kikuu hapa Kolwezi, akamwambia aache karatasi.

«Mama mdogo, hesabu zote zinaingia humu,» alisema huku ameshika simu ya mama huyo. Akamwekea programu ya majedwali, akaandika majina 20 upande mmoja na Jumamosi 20 juu. Pesa zilijijumlisha zenyewe. Mama aliipenda. Hapo ndipo alipoingia, bila kujua, katika mabishano ambayo makampuni makubwa ya dunia yamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 15: programu ifanye kazi ndani ya kifaa cha mtu, au ifanye kazi mbali, kifaa kibaki dirisha tu?

Kapita wa simu

Wazee waliofanya kazi Gécamines wanamjua kapita. Ndiye anayegawa watu, vyombo na muda, ndiye anayeamua nani ashuke sasa na nani asubiri. Mfumo endeshi ndio kapita wa simu. Android ni kapita, iOS ya iPhone ni kapita, Windows ya kompyuta ni kapita. Programu ni wafanyakazi wake. Hifadhi, pale picha na mafaili yanapolala, ni depo. Na kumbukumbu ya kazi, ile inayoitwa RAM, ni uwanja wa kazi: ukiwa mdogo, kapita hana budi kumtoa mmoja ili mwingine aingie.

Neno RAM halisikiki vizuri masikioni mwa Wakongomani. Kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2022 lilikuwa jina la ada ya kusajili simu, iliyokatwa katika yunite za watu, dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye 3G au zaidi, mpaka kelele za wananchi zikasaidia kuifuta. RAM inayozungumziwa hapa ni nyingine, lakini nayo ina kodi yake. Mwenye ndogo anailipa kwa kusubiri.

Simu ya mweka hazina ilikuwa na RAM ya gigabaiti 1. Simu za namna hiyo zilitengenezewa Android nyepesi, Android Go, ambayo Google iliitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye gigabaiti 1 au chini yake. Lakini kapita naye ananenepa. Kufikia toleo la 13, hiyo hiyo Go inadai angalau gigabaiti 2. Programu zinafuata mkondo huo huo: kila toleo jipya linakuja na mapambo mapya, na kila pambo linataka nafasi. Simu haijabadilika hata kidogo, lakini inaonekana imezeeka, kwa sababu mizigo inayobebeshwa imekuwa mizito kuliko siku iliponunuliwa.

Hata hivyo, miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Faili la hesabu lilifunguka kwa sekunde chache, mtandao uwepo au usiwepo, SNEL iwashe au isiwashe, mradi betri iwe na kitu. Hii ndiyo nguvu ya programu inayokaa ndani ya simu. Haiombi ruhusa kwa mtu. Haili mega. Spidi yake ni ile ile saa nne asubuhi soko likiwa limejaa na saa nne usiku mji ukiwa umelala.

Udhaifu ulianzia kwenye depo. Video za kwaya, picha za ndoa, matangazo ya vilio, sauti ndefu za vikundi vya WhatsApp, vyote vilijaa hadi simu ikaanza kukataa kuandika. Mama alifuta picha, ikapumua wiki moja, ikajaa tena. Kisha mwezi wa tatu ikamponyoka mkononi ikaingia katika ndoo ya maji ya kunawia. Fundi wa simu wa kona ya soko aliifungua, akaikausha, akaitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa.

«Mama, kioo naweza kukupatia kingine. Vilivyokuwa ndani vimekwenda.»

Wiki sita za hesabu zilikwenda. Jumamosi iliyofuata walikaa saa tatu nzima wakiulizana nani alitoa na nani hakutoa. Kwa watu 18 walikubaliana. Wawili walibishana juu ya franka 10.000 za Jumamosi moja ya mvua, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Mweka hazina akatoa 10.000 zake mwenyewe ili amani ibaki. Katika meza ya samaki wakavu, hiyo ni faida ya siku.

Kompyuta ya watu, iko mbali

Kijana akarudi na wazo la pili. «Safari hii hesabu hazitalala kwenye simu. Zitalala kwenye wingu.»

«Wingu gani? Na mvua ikinyesha?» mama aliuliza, na meza zote za jirani zikacheka.

Kijana akaeleza. Ni kompyuta za kampuni, ziko mbali, haziachwi zizimike. Simu inabaki kuonyesha tu. Ikianguka ndani ya ndoo, unachukua simu ya jirani, unaandika neno la siri, na hesabu zipo. Wanachama wengine wanaweza kuitazama karatasi hiyo hiyo kutoka kwenye simu zao, kila mmoja akaona jina lake. Mwekaji akikosea, karatasi inakumbuka ilivyokuwa jana.

Wazo hilo liliwahi kujengewa kapita wake kamili. Mwaka 2009 Google ilitangaza ChromeOS, na mwaka 2011 kompyuta za kwanza zilizobeba mfumo huo, Chromebook, zikaanza kuuzwa. Karibu kazi yake yote ilikuwa kufungua intaneti. Barua, majedwali, picha, vyote vilikaa mbali. Kwa kuwa kazi nzito ilifanywa kwingine, kompyuta yenyewe iliweza kuwa ya bei ya chini na kuwaka kwa muda mfupi. Shule nyingi za Marekani zilizinunua.

Ukitazama vizuri, akina mama wa Manika walikuwa wakitumia wingu kabla ya kusikia jina lake. M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, ilifanya kazi kwa kubonyeza nyota, namba na dièse, hata kwenye simu ndogo ya vitufe. Salio halikai ndani ya simu. Programu haimo ndani ya simu. Simu inatuma maneno machache, kompyuta ya kampuni inafanya hesabu, jibu linarudi kama maandishi mafupi. Mtu anapoteza simu asubuhi, jioni anarudisha namba yake kwenye laini mpya, na pesa zake zipo. Njia hiyo inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, haihitaji intaneti, na ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana imeenea hadi kwenye vijiji ambako ukurasa wa intaneti haufunguki.

Karatasi ya kijana haikuwa nyepesi hivyo. Simu mpya ya mama, ya mitumba, ilifungua karatasi hiyo kupitia kivinjari. Kuna watu wanaodhani kwamba wingu linaponya simu dhaifu, kwa kuwa kazi inafanyika mbali. Linaponya nusu. Kivinjari chenyewe ni programu nzito, na kurasa za siku hizi zinakuja na maelekezo mengi ambayo simu ndiyo inayopaswa kuyatekeleza. Kapita wa simu ya gigabaiti 1 anahangaika na ukurasa wa wingu pengine kuliko alivyohangaika na programu ndogo iliyomo ndani.

Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za fibre unasafiri karibu kilomita 200.000 kwa sekunde. Kutoka Kolwezi hadi Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua kituo chake cha wingu mwaka 2019 na Google mwaka 2024, ni zaidi ya kilomita 1.700 kwa mstari wa ndege. Kama fibre ingenyooka hivyo, kwenda na kurudi kungechukua chini ya sehemu mbili za mia za sekunde. Jicho halioni. Hata kama faili limelala Ulaya, umbali peke yake haumfanyi mtu asubiri dakika nzima.

Kusubiri kunatoka kwingine. Antena moja inagawanywa na watu wengi, na jioni wote wako hewani. Ishara ikiwa hafifu, simu inapiga kelele zaidi ili isikike, na kelele hiyo inakula betri. Ukurasa mmoja hauendi na kurudi mara moja. Unaenda na kurudi mara nyingi, kila kipande kikiombwa kivyake, na kila kipande kikipotea kinaombwa upya. Wingu linaweza kuwa na kompyuta zenye nguvu kuliko zote za Lualaba zikiwekwa pamoja, lakini mtu wa Manika anaipata nguvu hiyo kwa kipimo cha kipande dhaifu cha njia: zile mita mia chache kati ya simu yake na antena.

Jumamosi ya wiki ya 14

Ilitokea katika mzunguko uliofuata. Umeme wa kartie ulikatika Alhamisi. Ijumaa usiku intaneti ikaanza kuja na kwenda, na Jumamosi asubuhi ikatoweka. Saa saba mchana wanawake 20 walikuwa wamekaa, pesa zikiwa zimehesabiwa, 200.000 zimefungwa kwa raba. Karatasi ya wingu haikufunguka. Kiduara kilizunguka tu kwenye kioo.

Siku ya kawaida isingekuwa shida. Kila mtu anajua zamu yake. Lakini wiki tatu kabla, wanachama wawili walikuwa wamebadilishana zamu kwa makubaliano, kisha mmoja wao akabadilishana tena na wa tatu, na mabadiliko hayo yaliandikwa mahali pamoja tu. Sasa wawili walidai Jumamosi hiyo. Mmoja wao, muuza unga, alikuwa ameagiza magunia, na lori la kwenda Kasumbalesa lilikuwa linaondoka saa tisa. Dereva alimpigia mara mbili.

«Yaya, unanijua tangu miaka minane,» alimwambia mweka hazina. «Zamu ni yangu. Nipatie.»

«Ninakujua, ndugu yangu. Ninachokosa kukijua leo ni karatasi. Siwezi kutoa pesa za watu kwa kukumbuka.»

«Kwa hiyo mtandao ndio mwenye likelemba?»

Hakuna aliyecheka. Lori liliondoka. Intaneti ilirudi Jumapili wakati watu wanatoka kanisani, karatasi ikafunguka, na jina lililokuwa katika wiki ya 14 lilikuwa la muuza unga. Alipewa pesa zake zote, na alizipokea kwa adabu. Wiki hiyo alinunua unga kwa wauzaji wa jumla wa hapa mjini, kwa bei ya juu, akauza karibu bila faida. Hesabu ilikuwa salama muda wote, haikupotea hata franka moja. Ila haikuwepo saa iliyohitajiwa.

Wakazi wa Kongo wana sababu ya kulikumbuka jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba, ikarudishwa Januari 2019 baada ya karibu siku 20. Kwa siku hizo, kila kitu kilichokaa mbali kilibaki mbali. Aliyekuwa na faili ndani ya simu yake aliendelea na kazi. Aliyelitegemea wingu alikaa akitazama kiduara.

Na umeme je? Kolwezi ni mwisho wa safari ya njia kubwa ya umeme iliyojengwa kutoka Inga, kilomita karibu 1.700, iliyokamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi. Watu wamezaliwa na kukua chini ya nyaya hizo huku kartie zao zikikaa gizani. Wingu linafanana nazo kidogo. Nguvu kubwa inaweza kupita karibu na mlango wako, na wewe usiwe na pa kuichomeka.

Waliokuwa na simu za vitufe

Katika hao 20 wapo ambao hawana simu ya kugusa. Wanachukua za vitufe kwa sababu ni rahisi na betri inakaa siku kadhaa. Kati ya simu hizo kuna aina iliyojaribu kuwa katikati: umbo la vitufe, lakini ndani mna intaneti. Historia yake inafaa kujulikana, kwa sababu ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa kapita aliyejengwa juu ya wingu kwa ajili ya watu wa kipato kidogo.

Mwaka 2013 shirika la Mozilla lilitoa simu za kwanza za Firefox OS, ambamo kila programu ilikuwa kama ukurasa wa intaneti. Hazikupata soko, na mwishoni mwa 2015 Mozilla ikatangaza kuziacha. Kampuni nyingine ikachukua msingi huo ikaujenga upya kwa jina la KaiOS, nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye RAM ya megabaiti 256. Mwaka 2019 Orange ilitangaza simu ya namna hiyo, Sanza, kwa nchi zake za Afrika, na mwaka huo huo WhatsApp ikaingia kwenye duka la programu la KaiOS. Simu hiyo ya vitufe ya bei ya chini iliweza kupokea sauti na picha za kikundi.

Juni 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la KaiOS, na waliokuwa nayo tayari walipewa muda hadi mwanzoni mwa 2025. Simu zile hazikuharibika. Vitufe vinabonyezeka, betri inakaa, tochi inawaka. Huduma ndiyo iliyoondoka, kwa uamuzi uliotolewa mbali. Simu za Android za toleo la 4 nazo zimeachwa nyuma na WhatsApp kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kusema programu «iko ndani ya simu yangu» kuna mpaka wake. Programu inayozungumza na wengine inahitaji upande wa pili ukubali kuzungumza nayo.

Makampuni yenyewe yamekwisha kuacha kuchagua upande mmoja. ChromeOS, iliyozaliwa kwa intaneti pekee, ilifunguliwa mlango kwa programu za Android mwaka 2016 ili watu waweze kufanya kazi nyingi zaidi bila mtandao. Android nayo kila mwaka inahamishia picha na nakala za watu kwenye wingu. Mwaka 2025 Google ikasema inaziunganisha Android na ChromeOS ziwe msingi mmoja. Mabishano ya miaka 15 yanaishia kwenye ndoa. Akina mama wa Manika walifika hapo hapo kwa njia yao, na iliwagharimu franka 10.000 na lori moja.

Nani anashika ufunguo?

Baada ya wiki ya 14, kijana alifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa tangu siku ya kwanza. Aliweka programu ya majedwali ndani ya simu ya mama, akaiagiza itunze nakala ya karatasi kwa matumizi bila mtandao. Sasa mama anaandika, intaneti iwepo au isiwepo. Mtandao ukirudi, simu inapeleka mabadiliko kwenye wingu yenyewe. Kinachotakiwa ni nidhamu moja tu: mtu mmoja ndiye aandike, wengine watazame. Wawili wakiandika mahali pamoja bila mtandao, kila mmoja kwa lake, mtandao ukirudi ni vigumu kujua neno la nani limesimama.

Spidi imepatikana, usalama umepatikana. Ila mwezi mmoja baadaye likazuka swali ambalo hakuna mfumo endeshi unaolijibu. Kijana alikuwa anamaliza masomo na amepata kazi Lubumbashi. Akaunti ilifunguliwa kwa jina lake. Neno la siri lilikuwa kichwani mwake. Namba ya kurudishia akaunti ikipotea ilikuwa namba yake.

Muuza unga ndiye aliyeuliza, mbele ya wote, bila hasira: «Mwanangu akifika kule akabadilisha laini, au Mungu apishe mbali akapata ajali, sisi tutamuomba nani atufungulie?»

Kijana aliinamisha kichwa. Mama yake mdogo ndiye aliyejibu: «Nilikuwa nadhani ni yetu.»

Lilikuwa jibu zuri kuliko mafunzo yote. Daftari la bluu lililoharibiwa na mvua lilikuwa lao. Lililoshwa, lakini lilikuwa lao, na kila mmoja angeweza kulishika na kulisoma. Simu ilikuwa ya mama. Wingu lilikuwa la kampuni, na ufunguo wake ulikuwa wa kijana. Hesabu ni zile zile, lakini kila zilipohama, mwenye kuzishika alibadilika, na hakuna aliyekuwa amewaeleza.

Mkutano ulichukua alasiri nzima. Akaunti mpya ilifunguliwa kwa namba ya likelemba yenyewe, laini iliyonunuliwa kwa pesa ya wote na kusajiliwa kwa jina la mweka hazina. Neno la siri liliandikwa kwenye karatasi tatu, zikafungwa, zikapewa wanawake watatu ambao hawakai kartie moja. Kila mwisho wa mwezi simu inapigwa picha ya karatasi ya hesabu, na picha hiyo inapelekwa kwa wote wanaoweza kuipokea. Na daftari limerudi. Kila Jumamosi, kabla pesa hazijatolewa, jina la anayepokea linaandikwa kwa kalamu pamoja na jina la atakayefuata, na wanaobadilishana zamu wanatia sahihi wote wawili. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Daftari limevikwa plastiki.

Vikundi vingine vya Kolwezi, Fungurume na Likasi vinavyofikiria njia hii vinaweza kujiuliza maswali manne kabla ya kuchagua. Mtandao ukikatika siku tatu, bado tutaweza kusoma hesabu yetu? Simu ikiibwa leo, kesho tutaanzia wapi? Simu ya mwanachama maskini kuliko wote inaweza kuonyesha jina lake, au anategemea kusomewa? Na akaunti ni ya nani? Maswali matatu ya kwanza yana majibu ya kiufundi, na fundi mzuri atayapata kwa siku moja. La nne linajibiwa kwa mkutano. Tangu mwaka 2025 Starlink ina leseni ya kufanya kazi Kongo, na njia za kufika kwenye wingu zitaongezeka. Mtandao bora utapunguza kusubiri, lakini hautawaambia wanachama ufunguo uko kwa nani.

Mzunguko wa sasa umefika wiki ya sita. Muuza unga ana zamu ya kwanza katika mzunguko ujao. Wenzake waliipanga hivyo bila yeye kuomba, na imeandikwa mahali pote patatu. Kijana yuko Lubumbashi. Kila Jumamosi jioni anapiga simu kuuliza hesabu imekwendaje, na kila Jumamosi mama yake mdogo anamjibu kwamba imekwenda vizuri, na kwamba hawezi kumtajia neno la siri.